Dawa Uliyoachishwa Isilale Nyumbani

Nilipokuwa mtoto Milanzi, Ufipa, dawa haikutupwa. Klorokwini ilikuwa ikiwasha mwili mzima, wengi wakaacha dozi katikati, na vidonge vilivyobaki vikahifadhiwa kwenye kopo la mafuta ya kupaka kusubiri homa ya mwingine. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania iliiondoa kwenye tiba ya malaria kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaleta dawa ya SP. Mwishoni mwa 2006 ikafuata dawa mseto. Zahanati zikabadilika, makopo ya nyumbani yakabaki na vidonge vilevile. Na klorokwini, hata vidonge vichache, huweza kuua mtoto mdogo.

Bibi alipozeeka, kopo likajaa dawa za presha na kisukari. Kwetu Ufipa mzee hutunzwa na wanawe na wajukuu, si kwenye makao ya wazee. Daktari alimwachisha glibenklamaidi kwa kuwa hushusha sana sukari ya wazee, akambakishia metformini. Bibi, ambaye macho yalishafifia, akaendelea kumeza zote mbili. Asubuhi moja ya baridi kali tulimkuta ameloa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayashikani. Maji ya sukari yalimrudisha.

Muuguzi aliyekuja kumwona alimwaga kopo mkekani, akachambua pakiti moja moja. "Shikamoo bibi. Hii uliyoachishwa naondoka nayo." Mama mdogo akapendekeza itupwe chooni. Muuguzi akakataa: choo cha shimo huvujia ardhini, na majirani wanachota maji kisimani. Jikoni je? Moto wa kuni hauna joto la kuteketeza dawa, na pakiti za plastiki hutoa moshi wenye sumu. Kwenye kituo cha afya, alieleza, dawa zisizotakiwa hutengwa, huorodheshwa, kisha huharibiwa kwa usimamizi wa mamlaka ya dawa, iliyoitwa TFDA hadi 2019, sasa TMDA.

Tangu hapo nyumbani kwetu dawa ikibadilishwa, ya zamani hurudishwa kituoni siku ile mpya inapochukuliwa. Lakini familia nyingi hazijaambiwa. Maduka ya dawa muhimu yapo karibu na watu kuliko hospitali. Yangewezeshwa kupokea mabaki na kuyafikisha panapostahili. Na kila anayemkabidhi mzee dawa mpya aanze kwa kumuuliza: ile ya zamani iko wapi?