Kwa Baiskeli Mpaka Magofu ya Orval

Katika nchi yetu baiskeli ni mtumishi. Hubeba magunia ya makaa, mikungu ya ndizi na mabidoni ya mafuta ya mawese. Tena humpeleka mgonjwa zahanati. Kule Goma hata chukudu ya mbao, isiyo na pedali wala mnyororo, hulisha jamaa nzima. Basi tukisikia kwamba wako watu wanaopanda baiskeli kutwa nzima msituni, bila mzigo wala biashara, twacheka. Sisi pia tulicheka, mpaka siku tulipoijaribu safari ya namna hiyo katika Gaume, sehemu ya kusini kabisa ya Ubelgiji, mpakani na Ufaransa.

Baiskeli za safari hiyo zina mipira minene yenye meno, gia nyingi za kupandia vilima, na breki kali. Mchezo wenyewe ulianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli kuukuu na kuteremka nazo kwa kasi katika njia za mlima Tamalpais. Siku hizi umeenea katika nchi nyingi.

Tuliondoka asubuhi Florenville, mji mdogo uliojengwa juu ya kilima. Chini yake mto Semois unapita polepole, ukijipinda huku na huku kama nyoka aliyeshiba, hata ufike Ufaransa na kumwaga maji yake katika mto Meuse. Tulishuka kwanza kuutazama kwa karibu. Maji yalikuwa matulivu, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka katika majani. Kisha tukapanda tena kilima, tukaelekea kusini, tukaingia msituni.

Msitu huo si kama misitu yetu mikubwa. Hakuna kamba za miti zinazokuzuia, wala giza la mchana. Kuna mialoni, na miti mirefu iitwayo hêtre, yenye magamba laini ya rangi ya majivu. Njia zimewekewa alama ndogo, ili mgeni asipotee wala asiyakanyage makao ya wanyama. Majira ya kupukutika majani yakifika, matangazo hubandikwa ili kuwaonya wapita njia siku za uwindaji, maana nguruwe mwitu na ayala ni wengi. Siku hizo njia nyingine hufungwa. Mwenye baiskeli asiyetii matangazo aweza kujiletea hatari, na kuwaletea wengine pia.

Ila si matangazo tu yanayotaka utii. Mmoja wetu aliona mteremko mzuri, akajiona bingwa, akaziacha breki. Kwenye kona akakutana na mizizi na tope. Baiskeli ikaenda kushoto, yeye akaenda kulia. Tulipomwinua tulikuta hakuumia sana, ila mpira wa mbele umetoboka. Tukakaa kando ya kijito, tukautafuta upenyo majini, tukabandika kiraka. Wazee walisema kweli kwamba haraka haraka haina baraka. Tangu hapo tulikwenda kwa kungojana, na aliyechoka ndiye aliyewekwa mbele, ili mwendo uwe wake.

Saa za mchana miti iliachana, tukaona bonde, na katika bonde minara na paa za monasteri. Hapo ndipo Orval. Jina hilo maana yake ni Bonde la Dhahabu. Wenyeji husimulia kwamba zamani bibi mmoja mtukufu, Mathilde, alidondosha pete yake ya ndoa katika chemchemi ya hapo. Alipomwomba Mungu, samaki aitwaye truite akatokea juu ya maji, pete ikiwa mdomoni. Hiyo ni hadithi tu. Lakini chemchemi ipo hata leo ndani ya magofu, na samaki mwenye pete ndiye alama ya monasteri.

Habari zenye hakika ni hizi. Wamonaki wa kwanza walifika mwaka 1070, nao walitoka Calabria, kusini mwa Italia. Mwaka 1132 wakaja wamonaki wa shirika la Cîteaux, wakasali, wakalima, wakajenga kanisa la mawe. Baadaye abasia ikapata viwanda vya chuma vyenye sifa, na moto wa viwanda hivyo ulilishwa kwa makaa ya miti ya misitu ile ile tuliyoipita.

Kisha yakaja mabaya. Mwaka 1637, katika Vita vya Miaka Thelathini, majeshi yaliipora Orval na kuichoma. Wamonaki wakajenga upya. Mwaka 1793 askari wa Mapinduzi ya Ufaransa wakaichoma mara ya pili, na safari hii wamonaki hawakurudi. Nyumba ilibaki wazi kwa mvua na magugu.

Tuliziegemeza baiskeli zetu nje, tukaingia kwa miguu. Kanisa la kale halina paa. Sakafu yake sasa ni majani mabichi, na anga ndiyo dari. Nguzo zimesimama, nyingine zimekatika. Juu ya ukuta mmoja lingaliko dirisha kubwa la mviringo, lililochongwa kama ua. Kioo hakimo tena, upepo unapita. Tulivua kofia bila kuambiana.

Ndipo kijana mmoja miongoni mwetu akauliza: “Baba, nyumba iliyochomwa mara mbili, ya nini kuijenga tena? Si wangetafuta mahali pengine?”

Aliyekuwa mkubwa wetu hakumjibu kwa maneno mengi. Akamwonyesha ng’ambo ya ukuta. Kando ya magofu yale yale umesimama ukuta mpya wa kanisa, wenye sanamu kubwa mno ya Bikira Maria amemchukua Mwana. Maana baada ya miaka 133, mwaka 1926, jamaa iliyokuwa na ardhi hiyo iliirudisha kwa wamonaki. Mmoja wao, Marie-Albert van der Cruyssen, aliyezaliwa Gent, ndiye aliyeongoza kazi ya ujenzi. Fedha hazikuwapo. Zikauzwa stempu za posta zenye nyongeza ya bei kwa ajili ya Orval. Mwaka 1931 kikaanzishwa kiwanda cha bia ili faida yake isaidie ujenzi. Kanisa jipya likabarikiwa mwaka 1948. Wamonaki wanasali humo hata leo, nao hawakuyaondoa magofu wala kuyaficha.

“Umeona, mwanangu,” akasema mzee wetu. “Waliojenga paa hili hawakuwahi kuwaona waliochomewa paa lile.”

Kengele ikalia, tukaingia kusali nao. Lakini mioyo yetu haikubaki Ulaya. Tulikumbuka Mokoto, katika Masisi, ambako wamonaki wa shirika lilo hilo, waliotoka Scourmont nchini Ubelgiji, walianzisha monasteri mwaka 1954. Mwezi wa Mei 1996 vita viliingia humo. Watu waliokimbilia kwao waliuawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Wangapi kati yetu wameona nyumba iliyoungua, shule isiyo na paa, kanisa lililoporwa, wakasema: “Basi, yamekwisha”?

Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni onyo jema kwa mvivu. Lakini yuko pia mtu ambaye ufa haukuwa kosa lake. Ukuta wake ulibomolewa na wengine usiku mmoja. Huyo naye atajenga ukuta, jiwe kwa jiwe, na pengine ni mjukuu wake atakayeezeka. Yeye asichoke, na sisi jirani zake tusimwache peke yake.

Tulirudi Florenville jua likishuka. Kilima kile tulichoteremka kwa furaha asubuhi, sasa ilitupasa kukipanda. Tulishuka tukazisukuma baiskeli, tukizungumza taratibu, na aliyechoka alikuwa mbele.