Chombo Kuukuu na Haki ya Mwenye Nacho

Nyumbani kwetu twatumia kompyuta iliyopita mikononi mwa wengine kabla ya kutufikia. Basi kila nisikiapo kwamba mfumo fulani wa kuendeshea kompyuta umeacha kuzihudumia mashine kuukuu, hujiuliza: je, waundaji wa mfumo wana haki ya kumwacha njiani mwenye chombo kikongwe?

Na tutazame kisa kimoja kilicho wazi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, alianza kuunda mfumo wa Linux juu ya kompyuta yenye prosesa ya 386, ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwaka 1985. Linux ilizaliwa humo. Hata hivyo, Desemba 2012 fundi Ingo Molnar alileta mabadiliko ya kuiondoa 386 katika kiini cha Linux. Torvalds akayakubali, wala hakuonyesha majonzi. Toleo la 3.8, lililotoka Februari 2013, halikuihudumia tena.

Wako watakaosema huo ni utovu wa shukrani. Mimi sioni hivyo. Prosesa ya 486, iliyofuata mwaka 1989, ilikuja na amri ya kulinganisha thamani na kuibadilisha kwa tendo moja, ili kazi mbili ziendazo pamoja zisivurugane. 386 haina amri hiyo. Kwa hiyo mafundi walilazimika kuiwekea njia yake ya peke yake, na kila walipotaka kurekebisha sehemu hiyo, kazi iliongezeka. Saa zipoteazo hivyo hutolewa katika kuziba mianya ya usalama kwa ajili yetu sote. Tena Intel yenyewe ilikwisha acha kuitengeneza 386 mwaka 2007.

Wala mwenye 386 hakunyang'anywa kitu. Matoleo ya zamani yalibaki, na maandiko yake yako wazi. Mwenye ujuzi aweza kuyaendeleza mwenyewe. Kilichokoma ni utunzaji.

Lakini insafu yatutaka tupambanue. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, ilhali Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yadai kiungo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Hapa zilizoachwa si mashine za makumbusho, bali nyingine ni nzima kabisa, na maandiko ya mfumo huo hayakuachwa wazi ili wengine wayarithi.

Basi kuacha si kosa. Kosa laweza kuwa katika namna ya kuacha. Aachaye na atangaze tarehe mapema, aeleze sababu, kisha asiufunge mlango kwa atakaye kujitegemea.

Nasi wenye nyumba tuna wajibu wetu. Ununuapo kompyuta iliyotumika, usiulize bei tu. Uliza pia mfumo wake utatunzwa hadi lini. Mfumo usiotunzwa usiufanyie mambo ya fedha wala siri za nyumba. Na mashine iliyo nzima usiitupe kwa haraka, kwani huenda Linux nyepesi ikaiendesha miaka mingine. Nanyi vijana, jifunzeni ufundi huu, kwani asiyejua kutengeneza hungoja hisani ya ajuaye.