Choo Chetu na Udhu wa Mama



Tumekaa na vitabu tangu utotoni, na mkono wetu umezoea kalamu kuliko mwiko. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba leo tunaandika kama fundi. Tunaandika kama mwanafunzi aliyekosea hesabu, akafuta, akaanza upya.

Choo cha nyumba yetu hapa Mombasa kilikuwa kitupu: sakafu ya saruji iliyopauka, kuta zilizochubuliwa na chumvi ya maji ya kisima, ndoo, kata ya plastiki, na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Ukumbi wa wageni tulikwisha kuupaka rangi mara tatu, lakini chooni hatukugusa kitu. Mamaetu, aliyekwisha kupita miaka 80, alipohamia kwetu, ahli yetu alitwambia kwa upole, "Bwana, mama anaogopa mle ndani."

Sisi tulidhani anaogopa ubaya wa chumba. Tukaenda dukani, tukachagua taili nyeupe zinazong'aa kama kioo. Ujira wa fundi tuliuona mzito, nasi tulikuwa likizoni kutoka madrasa, basi tukakunja mikono ya kanzu tukaanza wenyewe.

Ukutani kazi ilitutii. Tuliweka timazi, tukapanda safu moja baada ya nyingine, na majirani wakaja kutupongeza. Sakafuni ndipo tulipoaibika. Maji tuliyoyamwaga hayakwenda kwenye tundu la kutokea, bali yalikimbilia kona ya nyuma ya mlango yakatulia huko. Ahli yetu alitazama, hakusema neno, akatandika gunia.

Usiku wa tatu, kabla ya adhana ya Alfajiri, tulisikia kata ikianguka. Tulimkuta mama ameketi chini, mtandio umelowa, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo. Alhamdulillahi, hakuumia ila kiwiko. Tulimwambia kwamba tangu leo atapelekwa na mtu. Akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nisaidie kwa kila kitu, lakini udhu wangu niachie mwenyewe."

Neno lile lilituingia. Miaka mingi tumesomesha Safinatun-Najaa, na nguzo 6 za udhu twaweza kuzitaja kwa pumzi moja. Lakini hatukuwahi kujiuliza mtu wa miaka 80 anasimama wapi anapoinua mguu mmoja kuuosha.

Tukazibandua taili za sakafu. Safari hii tulimwita fundi mzee wa mtaani, naye kwa chai na mahamri alitufundisha yaliyotupita. Kwanza, sakafu iinamie tundu la maji, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita 1, na mteremko huo utengenezwe kwenye saruji kabla ya taili. Pili, taili za chooni ziwe na uso wa kukwaruza, tena ndogo ndogo, kwa sababu viungo vingi husaidia unyayo kushika. Tatu, zisikanyagwe kwa siku nzima baada ya kulazwa. Kibakuli cha choo tulikiacha kilivyokuwa. Qibla chetu huku ni kaskazini, na wazee walikwisha kukielekeza mashariki na magharibi.

Kisha tukafanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Tulichukua kigoda cha mama, tukakiweka chooni, tukamwomba aketi atuelekeze. Bomba akataka liwe usawa wa goti, asiiname. Rafu ya nguo iwe mbali na maji, zisinajisike. Swichi ya taa iwe nje ya mlango, asipapase gizani. Shikio liwe upande wa kulia, la chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya pwani haina huruma. Mwisho, ahli yetu alileta chungu cha mrehani, akakiweka dirishani.

Taili za kung'aa hatukuzitupa, kwani israfu si tabia njema. Ziko jikoni, nyuma ya jiko, ambako hakuna anayezikanyaga.

Siku hizi, kabla ya Alfajiri, twasikia kata ikigusa ndoo, kisha maji, kisha kandambili za mama zikirudi chumbani polepole. Hajamwita mtu. Nasi huamka.

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama ambao mara nyingi mwaona kabla yetu: anayetaka kupamba choo asianzie dukani. Na apeleke kwanza kigoda cha mkubwa wa nyumba humo ndani, amkalishe, amsikilize.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwatunze wazee wetu bila kuwavunjia heshima yao. Wabillahi tawfiq.