Mama Aliyependa Pori

Huku Norwei ninakoishi, mwanamke wa makamo akitoka nyumbani kwake Jumapili asubuhi, mkoba mgongoni na fimbo mkononi, akapotelea mlimani hata jua likachwa, kila ampitiaye humwamkia kwa heshima, wala hapana amwulizaye amefuata nini huko, kwa sababu kutembea kwenyewe kwatosha kuwa haja. Sheria ya mwaka 1957 imempa kila mtu ruhusa ya kupita katika ardhi isiyolimwa, awe nani mwenye milki, maadamu haharibu kitu. Na ada ya nchi humwachia achume humo matunda ya mwitu na uyoga. Kila niionapo taadhima hiyo humkumbuka mama yangu, aliyekuwa na shauku ile ile katika nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma nchini Tanzania, naye akaishi umri wake pasipo kusifiwa kwayo.

Mama alizaliwa Kasulu akaolewa Kibondo, na nchi iliyo baina ya miji hiyo miwili aliijua kuliko madereva walioipita kila juma. Alitusimulia jinsi Mto Malagarasi unavyotoka katika vilima vya mpakani mwa Burundi, na badala ya kuteremka moja kwa moja Ziwa Tanganyika, huzunguka mashariki, ukapita penye vinamasi vikubwa vya Muyovozi, ndipo ugeukie magharibi kulitafuta ziwa. Vinamasi hivyo viliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, vikawa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kupata daraja hiyo. Lakini mama alivitamani zamani, kabla ya mtaalamu yeyote kumwambia kwamba vina thamani, kwa kuwa alisikia yuko huko ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kupita kiasi.

Mwezi wa Septemba, mvua zikiwa bado, miyombo huchipua majani machanga mekundu ya rangi ya shaba, na pori zima hubadilika nuru. Katika majira hayo mama aliaga kwamba anakwenda kuni, akachelewa kuliko haja ya kuni, akarudi na mzigo mdogo uliotosha kumwepusha na maswali. Nilipopata umri wa kufuatana naye ndipo nilipojua kwamba kuni zilikuwa udhuru tu, na kwamba safari yenyewe ilikuwa ya macho. Mvua za Novemba zikishika, udhuru ukawa uyoga. Alisimama chini ya mkusu, akayapekua majani yaliyooza kwa ncha ya kijiti, kwani mkono haupelekwi mahali ambapo jicho halijafika. Alipoupata uyoga wa manjano aliupindua, akaitazama mikunjo ya chini inavyoteremka hadi kwenye shina, akauvunja, akaunusa, ndipo akautia kikapuni. Midogo akaifunika tena kwa majani yake. “Mwanangu,” alisema, “pori halimnyimi mwenye subira, wala halimsamehe mwenye haraka.”

Katika mkoa wetu huo wa Kigoma alipata kuishi mama mwingine ambaye historia humtaja kwa uchache. Jane Goodall alipowasili Gombe mwezi wa Julai 1960, akiwa na miaka 26, ili kuchunguza maisha ya sokwe, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali binti akae msituni bila ya mwenzi. Basi mama yake, Vanne, akafuatana naye, akalala hemani, akawafungulia wavuvi wa ufukweni zahanati ndogo. Dunia imemjua binti, na hiyo ni haki yake. Lakini bila ya mama mwenye moyo wa kuthubutu, safari ile ingekwama mezani mwa maofisa. Mama yangu hakupata kuisikia habari ya bibi huyo, nami hata hivyo nawaweka wawili hao katika daraja moja.

Sitaki kuipamba nchi yangu kwa kuificha kweli. Mzigo wa kuni huumiza shingo, na kwa wanawake wengi, wa vijijini na wa kambi za wakimbizi kama Nyarugusu iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, kwenda porini kumekuwa kwenda penye hofu. Norwei imemwondolea mwanamke taklifu hiyo, ikambakishia raha peke yake. Walakini huku nako wapo wapitao msituni mbio, macho yakiwa kwenye saa ya mkononi ihesabuyo hatua zao, wasijue hata jina la mti waliopumzika chini yake.

Mama alipokuja kunizuru Bergen, mji wa mvua nyingi uliozungukwa na milima, alikataa kupanda treni ya mlima Fløyen, akasema mlima hauonwi dirishani, tukapanda kwa miguu. Msituni akauona uyoga wa manjano, jamaa ya ule wa Kibondo. Akaupindua, akauvunja, akaunusa, kisha akaniuliza kama mwenye msitu hataghadhibika. Nilipomweleza habari ya sheria na ada zile alikaa juu ya jiwe, akanyamaza kitambo, ndipo akasema: “Kumbe iko nchi ambayo mwanamke hutembea pasipo kubeba kitu.”

Maneno hayo ndiyo mizani ninayopimia maskani zangu mbili. Ughaibuni nimekuta hadhi ya kutembea. Nyumbani niliachiwa ilimu ya kutembea, na ilimu hiyo haiwezi kudumu bila ya msitu, kwani uyoga ule, huku na kule, huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hai, na miti ikimalizika kwa mkaa na mashamba nao hutoweka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji vya Tanzania uwezo wa kutenga misitu yao na kuisimamia wenyewe. Basi naviomba vijiji vya Kibondo na Kasulu viutumie uwezo huo kwa bidii, na katika kamati zake wakae wanawake wanaolijua pori kwa nyayo zao. Na binti wa kwetu akirudi kutoka huko mikono mitupu, asiulizwe ameleta nini, bali aulizwe ameona nini.