Safi na Fifi

Ukishuka leo stendi ya Kisesa, mjukuu wangu, bodaboda zikikugombania, huwezi kudhani kwamba Juni ya mwaka 1976 harufu iliyotawala hapa ilikuwa ya pamba, harufu nzito ya mbegu na vumbi, ikichanganyika na ya dagaa wa gulioni. Nilikuwa darasa la sita. Andazi lilikuwa senti 10, na kilo ya pamba safi ilimpatia baba yangu shilingi 2 hivi. Walimu wengi wakishamaliza kueleza somo waliuliza, "Mmeelewa?" nasi tukaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo mwalimu!" hata yule aliyekuwa gizani kabisa. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu mwembamba ambaye vidole vyake havikukauka wino mwekundu, hakuuliza hivyo hata siku moja. Alianza asubuhi kwa hesabu za kichwa, kisha akapita kati ya madawati akisoma njia tulizopitia kabla ya kutazama majibu. Akikuta kosa, aliliandika ubaoni bila kutaja jina la mtu, akatuuliza: "Huyu alikuwa anawaza nini?" Tulilichambua kosa lile mpaka likaisha.

Siku moja alimwaga sakafuni kilo 40 za pamba ya shamba la shule, akataka tutenge safi na fifi, yaani ile yenye madoa, tupime, kisha tuseme fifi ni sehemu gani ya pamba yote. Alimsimamisha msichana mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono. Akawa kimya, macho chini. Mwalimu hakumkaripia, alimwambia, "Mweleze mwenzako kwa Kisukuma." Yule binti akachuchumaa, akachomoa kitita chenye doa la manjano alikofyonza mdudu, akamwonyesha jirani yake. Akagawa rundo lile mafungu matano yaliyolingana, akagusa moja: hili ndilo fifi, kilo 8. Moja ya tano! Mwalimu akaandika kitu katika daftari lake dogo la jalada la buluu, akatabasamu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 kuhusu elimu lilikuwa limetaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Lakini naamini mwalimu yule angeandika katika daftari lake hata bila azimio, maana alitaka kujua hasa tunajua nini.

Mwaka uliofuata tukafanya mtihani wa darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mimi nilichaguliwa, yule binti hakuchaguliwa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwani kwa hesabu alinizidi. Karatasi zetu zilifungwa katika bahasha zikapelekwa mjini. Daftari la buluu lilibaki kabatini.