Barua kutoka Lisbon: Konokono wa Mouraria na Samaki Nchanga wa Chiwata

Mouraria ni mtaa mkongwe wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, uliojibanza kwenye mteremko wa kilima chenye ngome ya São Jorge, na jina lake linatokana na Waislamu waliotengewa sehemu hiyo baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Hati ya kifalme ya mwaka 1170 iliwapa ulinzi kwa masharti ya kulipa kodi, nao wakaishi hapo kwa zaidi ya karne tatu, hadi mfalme Manuel wa Kwanza alipotoa amri, mwishoni mwa 1496, ya kuwafukuza Wayahudi na Waislamu katika nchi yake. Tangu hapo vichochoro vyake vimekuwa makazi ya mabaharia, wachuuzi, vibarua na wahamiaji wa kila kizazi, na katika karne ya 19 ndimo alimoishi Maria Severa, mwimbaji wa fado, yaani nyimbo za huzuni za Lisbon, aliyefariki mwaka 1846 akiwa bado kijana. Ndugu wa Chiwata, kusini mwa Tanzania, wanaandikiwa habari za mtaa huu kwa sababu ya vyungu vyake, kwani hakuna mahali pengine Ulaya ambapo mtu wa Masasi au Newala anaweza kuketi mezani na kuiona historia ya shamba lake mwenyewe kwa uwazi namna hii.

Historia hiyo inaanzia mwaka uliofuata amri hiyo ya kuwafukuza Waislamu. Julai 1497 merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga Lisbon, na kufikia Aprili 1498 zilikuwa zimepita Msumbiji na Mombasa na kutia nanga Malindi. Mabaya yaliyofuata katika pwani ya Waswahili yanajulikana, kuanzia kutekwa kwa Kilwa mwaka 1505, na barua hii haikusudii kuyafunika. Hata hivyo, njia hizohizo za bahari, zilizokuja kuunganisha Brazili, Afrika na Bara Hindi, ndizo zilizoleta kwa sehemu kubwa mihogo, mahindi, karanga, pilipili na mkorosho, mimea ambayo asili yake yote ni bara la Amerika. Anayeukagua mlo wa kawaida wa uwanda wa Makonde, yaani ugali wa mahindi au wa makopa (mihogo iliyomenywa na kukaushwa kabla ya kutwangwa), pamoja na kisamvu kilichoungwa kwa karanga na pilipili pembeni, atakuta kwamba karibu kila kilichomo sahanini kilivuka bahari katika karne hizo, kisha kikafanywa cha Kimakonde na mikono ya wanawake waliojifunza kuuondoa uchungu na sumu ya muhogo na kulilainisha jani lake kwa kinu na mchi.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mlo wenyewe unapatikana Lisbon. Baada ya Msumbiji kujipatia uhuru tarehe 25 Juni 1975, maelfu ya watu walihamia Ureno, wakiwamo wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa wameishi Msumbiji kwa vizazi, nao walikuja na mapishi yao. Katika Rua de São Lourenço, njia nyembamba ya Mouraria, kuna Cantinho do Aziz, mgahawa wa Kimsumbiji unaojulikana mji mzima, na chakula kinachotambulisha zaidi mapishi ya nchi hiyo ni matapa, ambayo si kitu kingine ila kisamvu kilichotwangwa, kikapikwa kwa karanga zilizosagwa na tui la nazi, mara nyingi pamoja na kamba au kaa. Mpishi wa Chiwata angeitambua sahani hiyo kabla haijatua mezani, kwa ule ukijani wake mzito unaoelekea weusi na mafuta ya karanga yanayoelea juu, ingawa angeuliza kamba wanatafuta nini humo. Majani yenyewe hununuliwa yakiwa yametwangwa na kugandishwa kwa barafu katika maduka ya Waafrika yanayozunguka uwanja wa Martim Moniz, chini ya mtaa, ambako pia huuzwa unga, samaki wakavu na mawese. Sambusa nazo, zilizofika Ureno kwa njia ya Goa na Msumbiji, zimeenea kiasi kwamba hukaa katika vioo vya mikahawa ya kawaida kando ya vitafunwa vya samaki wa chumvi, na Wareno wanazila bila kufikiri kwamba ni za kigeni.

Lakini chakula chenye somo kubwa zaidi kwa watu wa kusini ya Tanzania si cha Kiafrika hata kidogo. Kuanzia mwezi Mei hadi mwisho wa kiangazi, mikahawa ya Lisbon hubandika dirishani karatasi iliyoandikwa kwa mkono kuwatangazia wapita njia kwamba konokono wamefika. Ni konokono wadogo wa nchi kavu, wanaokaa siku kadhaa bila kulishwa ili matumbo yasafike, wakaoshwa kwa maji mengi mpaka ute uishe, kisha wakachemshwa polepole kwa vitunguu saumu, chumvi, pilipili na majani makavu ya oregano, na mlaji huwachomoa mmoja mmoja ndani ya gamba kwa kijiti cha meno, huku akichovya mkate katika mchuzi. Mwanasheria na fundi wa matofali huketi meza moja kuwala, na hakuna anayeinamisha uso.

Sasa na ilinganishwe hali hiyo na ya samaki nchanga, jina la heshima ambalo watu wa Masasi na Newala wamewapa panya wa mashambani, wale wanaokula nafaka na mizizi na kuishi katika mashimo yao mbali na nyumba za watu. Hutegwa au kufukuliwa baada ya mavuno, manyoya hubabuliwa kwa moto, matumbo huondolewa, kisha nyama hutiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi ili ihifadhike. Ni kazi safi, yenye ujuzi wa kuzijua njia za mnyama na misimu ya shamba, na imewapa protini watoto wengi katika uwanda ambao uhaba wake wa maji umefanya ufugaji wa ng'ombe kuwa mgumu. Pamoja na hayo, kijana wa kusini anayekwenda kusoma au kutafuta kazi Dar es Salaam hujifunza haraka kukana kwamba amewahi kuonja nyama hiyo, kwa sababu utani anaotupiwa umevuka mpaka wa utani na kuwa dharau. Dharau hiyo haina msingi wowote wa lishe wala wa usafi wa mapishi. Konokono wa Lisbon hana sifa ambayo panya wa Chiwata hana, isipokuwa kwamba walaji wake hawakukubali kuaibishwa. Hali ya ming'oko ni nafuu kidogo, kwani mizizi hiyo ya porini, inayochemshwa na maganda yake na kuuzwa kwa mafungu, ina wapenzi hata Mtwara mjini, lakini nayo huhesabiwa kuwa chakula cha njaa na watu ambao hawajawahi kuila kwa chumvi na pilipili ya kusaga.

Isidhaniwe kwamba Mouraria ni pepo. Sheria ya upangaji ya mwaka 2012 ililegeza ulinzi wa wapangaji wa zamani, watalii wakafurika, nyumba nyingi zikageuzwa za kulala wageni, na kodi zikapanda hadi baadhi ya wale walioufanya mtaa uwe na ladha wakalazimika kuhamia pembezoni. Katika Rua do Benformoso maduka ya nyama halali na migahawa ya Wabangladeshi bado yamesimama imara, ila hakuna ajuaye kwa muda gani.

Limebaki jambo la bibo, tunda lenye maji linaloning'inia juu ya korosho. Hatua chache kutoka Mouraria, penye uwanja wa São Domingos, kuna kiduka ambacho tangu mwaka 1840 kimekuwa kikiuza kileo cha cheri chachu katika vibilauri vidogo, na watu hupanga foleni mchana kutwa kunywa kwa kusimama. Huko Chiwata, msimu wa korosho unapofika kuanzia mwezi Oktoba, korosho huokotwa na kupelekwa ghalani, nyingi zikasafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, na mabibo mengi huachwa yaoze chini ya miti. Yanayookolewa hukamuliwa kuwa uraka, pombe nyepesi ya siku hiyohiyo, au hukaushwa kuwa kochoko. Uraka ukikenekwa hupatikana nipa, ambayo sheria huiweka pamoja na gongo na polisi huimwaga. Wanawake wanaoujua ukamuaji huo wapo, matunda yapo kwa wingi, na kinachokosekana ni kibali, kipimo cha kilevi na chupa yenye lebo inayosema Masasi.