Gunia moja haliwezi kusemea mlima

Binamu yangu alinitumia skrinshoti ya karatasi ya maabara: gramu 41 za dhahabu kwa tani. Chini yake ameandika, "Buda, tumeomoka." Alikuwa amepata nafasi kwenye shimo fulani huko Migori na alitaka nimtumie elfu thelathini. Hiyo kwangu ni kodi ya miezi mitatu.

Nilimuuliza swali moja tu: hilo jiwe mlilitoa wapi?

"Si tulichagua lenye linang'aa."

Hapo ndipo shida ilipo, wasee. Mimi nina video moja iliyotrendi na zingine kama themanini ambazo hata mamangu hakumaliza. Ukionyeshwa hiyo moja tu, utadhani nimefika. Binamu alipima video iliyotrendi, akaiita chaneli.

Sasa utasema, basi wapime mawe mengi. Sawa. Hata kampuni kubwa hufanya hivyo. Kwanza wanachoronga mashimo membamba ardhini na kukadiria dhahabu kutokana na mawe yanayotoka humo. Wakiwa na wasiwasi, wanachimba sampuli kubwa, maelfu ya tani, wanazisaga kama mgodi wa kweli, kisha wanalinganisha kilichopatikana na makadirio. Inaonekana kama jibu la mwisho. Lakini hebu nikupeleke Kanada kidogo.

Kampuni ya Pretium ilikuwa na eneo linaloitwa Brucejack, mkoa wa British Columbia. Mwaka wa 2013 walitoa sampuli ya tani kama 10,000. Walikuwa wamewaleta wataalamu wa Strathcona kuisimamia, kampuni ile ile iliyothibitisha mwaka wa 1997 kwamba dhahabu ya Bre-X kule Busang, Indonesia, ilikuwa hewa. Kabla kazi haijaisha, Strathcona wakajiuzulu. Walisema makadirio ya Brucejack hayasimami. Hisa zikaporomoka.

Halafu mawe yakasagwa. Lengo lilikuwa aunsi 4,000. Zikatoka zaidi ya 5,800! Watu wakashangilia, wakaona wale wazee wa Strathcona wameaibika, na mgodi ukajengwa. Mpango wa 2014 ulihesabu wastani wa karibu gramu 16 kwa tani. Uzalishaji ukaanza 2017. Kufikia 2019, mawe yaliyoingia kinuni yalikuwa na wastani wa chini ya gramu 10, na mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikashusha makadirio ya akiba yake.

Hakuna aliyedanganya kwenye ile sampuli. Dhahabu ilikuwepo kweli, na mgodi umetoa nyingi. Ni vile tu dhahabu ya aina hii haijatandazwa kama siagi kwa mkate. Imekaa kama nyama kwenye pilau ya harusi yenye bajeti ndogo: sahani moja vipande vitano, sahani kumi zinazofuata wali mtupu. Ndani ya ile sampuli kulikuwa na mshipa mwembamba, tajiri sana, wakauita Cleopatra. Na tani 10,000 zinasikika nyingi mpaka ukumbuke mgodi ulipangiwa zaidi ya tani milioni 13. Sampuli kubwa ilijibu vizuri kuhusu pale ilipochimbwa. Kuhusu mlima mzima, ilikuwa sahani moja tu.

Sisemi haina maana. Sampuli kubwa inakuonyesha kama kinu kinaweza kukamata dhahabu yenyewe, kama mishipa inaendelea vile ramani inasema, na uongo kama wa Bre-X ungekufa mapema sana mbele yake. Lakini usiulize tu "ilitoa ngapi?" Uliza ilitolewa wapi, nani alichagua hapo, na alichagua kabla au baada ya kuona utajiri uko upande gani.

Haya maswali si ya Wakanada peke yao. Kila nikiona vichwa vya habari vya mabilioni yaliyo chini ya mashamba ya Kakamega, nafikiria mtu anayeambiwa ahame. Yeye anahama mara moja, kabisa. Makadirio yanaweza kurekebishwa hata baada ya nyumba yake kubomolewa.

Nilimwambia binamu ajaze magunia sita kutoka sehemu sita, tukubaliane sehemu hizo kabla ya mtu yeyote kushika jiwe. Alinuna wiki nzima, halafu akafanya. Gunia moja lilikuwa tamu. Matatu yalitoa kitu kidogo cha kulipia krasha tu. Mawili, patupu.

Sikutuma pesa. Alipata mtu mwingine na bado wanachimba. Magunia sita pia si mlima, najua, na kwa sababu ni damu yangu naomba niwe nimekosea. Lakini kodi nimelipa.